Gurudumu la Baiskeli: Namna ya Kulisuka na Kulinyosha Nyumbani



Tumeombwa tuseme habari za gurudumu la baiskeli. Huenda mtu akadhani ni jambo dogo. Lakini baiskeli ndiyo ichukuayo gunia la mahindi kwenda sokoni na mgonjwa kwenda zahanati. Gurudumu likivunjika katikati ya njia, mwenye mzigo hulala porini, na mgonjwa huchelewa. Na mara nyingi lilianza kuyumba kidogo tu, mwenyewe akalipuza.

Kwanza yafaa tufahamu lisimamavyo. Gurudumu la mti la mkokoteni husimama juu ya vijiti vyake kama nyumba juu ya nguzo. Spoki ya waya haiwezi kuwa nguzo, maana ingepinda mara moja. Kazi yake ni kuvuta. Zote huvuta ringi kuelekea kitovuni, na kwa kuvutana huko ringi hukaa mahali pake. Mwaka 1874 Mwingereza James Starley alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa gurudumu ambalo spoki zake hutoka ubavuni mwa kitovu na kupishana. Kitovu kikizungushwa, spoki za namna hiyo huivuta ringi pasipo kusokoteka.

Sisi wenyewe tulipata adabu. Jioni moja tuliona spoki 3 zimelegea, tukazikaza kwa haraka mpaka mwisho. Gurudumu likapinda kama ungo ulioachwa juani. Ndipo tulipojifunza kwamba spoki moja haitengenezwi peke yake.

Basi, mtu akitaka kusuka gurudumu, ahesabu matundu kabla ya kununua ringi. Baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Siku hizi 36 ni kawaida. Kwa gurudumu la 36, tia spoki 9 upande wa kuume wa kitovu, ukiruka tundu moja moja. Katika ringi acha matundu 3 kati ya spoki na spoki. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, katika matundu yaliyo jirani. Kisha zungusha kitovu kidogo mpaka spoki hizo zilale. Spoki 18 zilizobaki zielekee upande mwingine, kila moja ipishane na 3 za upande wake: ipite nje ya mbili, na ndani ya ile ya tatu. Kaza nipeli zote sawasawa, kidogo kidogo.

Sasa kulinyosha. Pindua baiskeli, funga kijiti katika uma karibu na ringi, uzungushe gurudumu polepole. Ringi ikigusa kijiti cha kushoto, kaza spoki za kuume mahali hapo robo ya mzunguko, na za kushoto ulegeze robo. Ikiwa ringi imeinuka kama kilima, kaza za pande zote mbili. Ikiwa imebonyea, zilegeze. Ukitazama nipeli kutoka upande wa tairi, kukaza ni kuizungusha kama mshale wa saa. Ukitazama kutoka kitovuni, ni kinyume. Wengi hukosea hapo.

Kisha gonga spoki kwa ukucha usikilize. Za upande mmoja zitoe sauti moja; itoayo sauti nzito imelegea. Zibane mbili mbili kwa mkono, ukague tena. Mwisho, ncha iliyotokeza ndani ya ringi ipigwe tupa, ifunikwe kwa utepe wa kitambaa, isije ikatoboa mpira.

Ndugu zetu walimu, mkiwa na ufunguo mmoja wa spoki shuleni, wafundisheni vijana. Chombo hicho ni kidogo kuliko kiganja, lakini chaweza kumfikisha mgonjwa.