Akiba Isiyojaribiwa

Mwenye duka katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, hangoji umeme ukatike ndipo atafute mshumaa. Huuweka mahali anapoweza kuufikia gizani, na kiberiti huwa kando yake. Jambo hilo dogo liliwashinda wakuu wa usafiri wa anga katika nchi tatu mwaka 2023.

Nchini Marekani, tarehe 11 Januari, ulikwama mtambo wa kompyuta unaowapelekea marubani maonyo kuhusu njia na viwanja. Ndege za nchi nzima zikazuiwa kuruka kwa muda. Ilibainika kwamba mafundi waliokuwa wakilinganisha hifadhi kuu ya habari na ile ya akiba walifuta mafaili bila kukusudia.

Nchini Uingereza, tarehe 28 Agosti, kompyuta inayopokea taarifa za safari za ndege ilikuta taarifa yenye alama mbili za njia, zilizo mbali sana lakini zenye jina moja. Ikashindwa kuitafsiri, ikajifunga. Kompyuta ya akiba ikashika kazi, ikasoma taarifa ileile kwa maagizo yaleyale, nayo ikajifunga. Hayo yote hayakufika sekunde 20, lakini abiria zaidi ya 700,000 walisumbuka. Akiba ilikuwapo, ila ilikuwa na ugonjwa uleule wa mtambo mkuu.

Siku tatu kabla ya hapo, Kenya ilikuwa imepatwa na giza la nchi nzima. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi, ambako wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hubadilishia ndege, jenereta iligoma kuwaka na abiria wakabaki gizani. Waziri wa Uchukuzi aliomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa kazini. Hata hivyo, mwezi Desemba mwaka huohuo umeme ulikatika tena, na uwanja ukaingia gizani tena. Kumwondoa mtu mmoja hakukuiwasha mitambo.

Ni dhahiri basi kwamba kununua mtambo wa pili hakutoshi. Sharti uwashwe mara kwa mara, na uwashwe ukiwa umebeba mzigo kamili. Sharti uwe tofauti na ule wa kwanza, ili kosa moja lisiiangushe yote miwili. Tena sharti wawepo watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa redio, kalamu na karatasi, kwa mwendo wa polepole lakini salama, mpaka mafundi wamalize.

Uwanja wa Melchior Ndadaye hauko mbali na Cibitoke. Mama wa mtaa huo anayemsindikiza mwanawe uwanjani hawezi kuikagua mitambo ya mnara. Amana hiyo amewaachia wahusika, nao hawana budi kuijaribu akiba yao wakati kungali mchana.