Imeji Nyepesi ya Python: Tupime Kinachosafiri



Docker, zana ya kufungasha programu kuwa imeji, ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2013, kwenye mkutano wa watumiaji wa Python nchini Marekani. Tangu hapo ubishi haujaisha: imeji iwe ndogo kiasi gani? Kwangu mimi swali hilo linatupoteza. Aliyeko Mwanza, anayepakia imeji kwa bando kwenda seva ya Frankfurt, hasumbuliwi sana na ukubwa wa jumla. Kinachomla ni megabaiti zinazosafiri upya kila anaporekebisha mstari mmoja.

Tuanze na msingi. Imeji rasmi ya Python, ile ya kawaida, hukaribia GB 1 ikishafunguliwa. Ndani mna kompaila ya C, Git na zana za kujengea maktaba za picha na hifadhidata, vitu ambavyo programu ndogo, tuseme ya kutuma risiti, haitavigusa kamwe. Toleo la slim, lililo juu ya Linux ya Debian kama lile la kawaida, halifiki MB 200. La Alpine ni dogo zaidi, na wengi hulikimbilia kwa sababu hiyo tu.

Hapo nashauri twende polepole. Debian hutumia maktaba ya C iitwayo glibc, Alpine hutumia nyingine, musl. Kwa miaka mingi maktaba za Python zilizokwisha kujengwa zilitolewa kwa glibc peke yake. Kabla ya PEP 656, kiwango cha maktaba zilizojengwa kwa musl, kukubaliwa mwaka 2021, pip ndani ya Alpine ilipakua msimbo ghafi wa NumPy au pandas na kuujenga papo hapo. Ukajikuta unairudisha kompaila uliyoikimbia. Siku hizi hali ni afadhali, ila si kila maktaba ina toleo la musl. Kwa kazi za takwimu bado nachagua slim.

Sasa matabaka, vipande ambavyo imeji imeundwa navyo. Kila amri ya RUN au COPY huzaa tabaka, na tabaka likishafungwa halibadiliki. Tazameni:

RUN apt-get update && apt-get install -y gcc
RUN pip install -r requirements.txt
RUN apt-get purge -y gcc

Mstari wa mwisho haupunguzi hata baiti moja. Unaongeza tabaka lenye alama kwamba faili zimefutwa. Zenyewe bado zimo katika tabaka la kwanza, na zitasafiri. Dawa yake ni ujenzi wa hatua nyingi, uliokuja mwaka 2017: hatua ya kwanza ina kompaila, ya pili inachukua mazao tu kwa COPY --from.

Mpangilio nao una uzito wake. Nakilini requirements.txt peke yake, endesheni pip, ndipo mnakili msimbo wenu. Mkibadilisha msimbo, tabaka la maktaba linabaki vilevile, rejista ya imeji tayari inalo, na kinachopakiwa ni kilobaiti chache. Folda ya .git iandikwe kwenye .dockerignore, isije ikaingia pamoja na msimbo.

Imeji zisizo na shell kabisa sizipendekezi kwa timu changa: tatizo likizuka usiku, si rahisi kuingia kuchungulia.

Mchana kila kikundi cha washiriki kitaendesha docker history kwenye imeji yake kabla ya kugusa chochote, kisha kitueleze tabaka lipi ni zito na nani aliliweka.