LADHA YA MAZIWA YA NGAMIA HUTOKA WAPI?

(Hotuba kwa wafugaji na wauza maziwa wa Balambala)



Huko Dodoma, Tanzania, hulimwa zabibu. Kwa sababu ya jua la huko, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali Ulaya huvunwa mara moja tu. Mkulima akiulizwa tunda lake lilipata wapi ladha yake, hutaja mambo matatu: mbegu, ardhi na hali ya hewa. Maziwa ya ngamia wetu nayo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kwanza ni mbegu. Ngamia wa Kisomali ni mkubwa kuliko ngamia wa Warendille na Wagabra, naye hutoa maziwa mengi zaidi.

Pili ni malisho. Ng'ombe hutafuta nyasi, bali ngamia hupenda majani ya miti na vichaka. Akila migunga, maziwa huwa na ladha yake. Akila mswaki na mimea mingine yenye chumvi, chumvi hiyo huonekana katika maziwa. Mchungaji mzoefu huonja funda moja akajua kundi lilishinda wapi.

Tatu ni hali ya hewa. Wakati wa mvua za gu, Aprili hadi Juni, maziwa huwa mengi na mazito. Wakati wa jilaal, Januari hadi Machi, hupungua yakawa mepesi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba ngamia aliyenyimwa maji, maji yaliyomo katika maziwa yake yaliongezeka kutoka sehemu 86 katika 100 hadi 91, na mafuta yakashuka kutoka sehemu 4 na zaidi hadi karibu 1. Ndivyo maumbile yalivyopanga, ili ndama asife kwa kiu.

Basi, hapa pana jambo la haki. Mnunuzi wa mjini Garissa akiyaona maziwa mepesi wakati wa kiangazi, hudhani mama aliyemwuzia ametia maji, akamshusha bei au akamvunjia heshima. Huenda mama huyo hana kosa lolote. Lakini pia yuko mwenye kutia maji kweli, akajificha nyuma ya ukame. Huyo huwaharibia jina wenziwe wote.

Kwa hiyo nawasihi: msichanganye maziwa ya makundi mbalimbali katika mtungi mmoja, mwambieni mnunuzi kundi limelishwa wapi na limekunywa maji lini, na vyombo visafishwe na kufukizwa moshi kama walivyofanya mama zetu. Ardhi na mvua hatuziamrishi, bali uaminifu wa mkono umo katika uwezo wetu.