Kadi Mkononi, Dawa Hakuna: Mzee Amuulize Nani?

  Leo sina mgeni studioni. Nitazungumza peke yangu, na nazungumza nawe hasa kama una mzee nyumbani, au kama mzee ni wewe mwenyewe.

Naanza na bibi mmoja, jirani yangu wa Buyenzi. Jina lake nitaliacha. Umri wake, ukimuuliza, atakwambia "sabini na kitu". Karangamuntu inasema pungufu, maana aliyeandika alikadiria tu kwa kumtazama uso. Ana presha. Mwezi uliopita aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafunga kadi yake ya matibabu kwenye pindo la kanga, akaenda kwa miguu mpaka kituo kimoja cha afya cha umma. Mafuta ya magari yalikuwa haba wiki ile, na foleni ya basi ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Alifika mapema, akakaa kwenye benchi hadi saa sita mchana. Muuguzi alimpima kwa adabu, akamwandikia dawa. Kufika kwenye dirisha la dawa akaambiwa zimekwisha, akanunue nje. Na nje, kwenye famasi ya mtu binafsi, kadi ile haipokelewi. Bibi akarudi nyumbani na karatasi.

Jioni nilimuuliza, "Bibi, ulimuuliza nani kwa nini dawa hazipo?"

Akacheka. "Nimuulize nani, mwanangu? Yule binti wa dirishani? Kwani yeye ndiye aliyezimaliza?"

Swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo, ndiyo maana nimeacha mada niliyokuwa nimeipanga. Tumfuatie bibi huyu njia ambayo dawa yake ilipaswa kupita, tuone ilikwama wapi, na nani amesimama pale ilipokwama.

Kadi yenyewe kwanza. Wengi tunaiita CAM. Ilianza mwaka 1984, kwa ajili ya watu wasio na mshahara: mkulima wa kilimani, mchuuzi wa soko la Ruvumera, fundi baiskeli, mama muuza ndagala. Mtumishi wa serikali alikuwa ameshapata mfuko wake wa matibabu tangu 1980. Kwa miaka mingi kadi hii iliuzwa faranga 3,000, na hesabu yake ni rahisi: katika kituo cha umma mgonjwa analipa 20 kwa 100, na serikali inalipa 80.

Shika maneno hayo mawili ya mwisho, inalipa 80. Pesa hiyo haifiki siku unayotibiwa. Kituo kinakutibu kwanza kwa dawa zake, kinaandika hati, hati zinapanda juu, zinakaguliwa, halafu kituo kinarudishiwa fedha. Marejesho yakichelewa mwezi mmoja, watu wanavumilia. Yakichelewa miezi mingi, kituo kinakuwa kimeikopesha serikali bila kupenda, na kituo kisicho na fedha hakiagizi dawa. Wakuu wa hospitali wamelalamikia ucheleweshaji huu hadharani, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo rafu tupu aliyoiona bibi ilitupukia mbali na pale dirishani, kwenye meza ambayo bibi hajawahi kuiona. Binti wa dirishani naye, nisimsahau, hupokea lawama za watu mia kwa siku kwa jambo asilolijua mwisho wake.

Je, mambo haya hayawezi kwenda vizuri? Yanaweza, na tumeona hapahapa kwetu. Tarehe 1 Mei 2006 serikali ilitangaza kwamba watoto wasiotimiza miaka 5 watatibiwa bure na akina mama watajifungua bure. Siku zile za kwanza zilikuwa za vurugu. Hospitali zilijaa, wauguzi walielemewa, dawa zikaisha. Lakini mwaka 2010 malipo ya huduma hizo yaliunganishwa na utaratibu mpya, ambapo kituo kinalipwa kulingana na kazi iliyohakikiwa. Wakaguzi walihesabu madaftari. Zaidi ya hapo, watu wa vikundi vya mitaani walitumwa nyumba kwa nyumba kuuliza: ni kweli ulitibiwa tarehe fulani? Ulilipishwa chochote? Ulipokelewa vipi? Mimi naona hilo swali la tatu lilikuwa na thamani kubwa kuliko mengine, maana mama wa mtaani aliulizwa na mtu aliyebeba kalamu, na jibu lake likaandikwa.

Mzee hakupata mlango wa namna hiyo. Sisemi mtoto apunguziwe. Nasema tu kwamba ukiingia kituoni ukiwa na miezi minne, kuna fungu lenye jina lako. Ukiingia ukiwa na miaka 74, una kadi ya kila mtu, kama umebahatika kuinunua, na presha na kisukari ni magonjwa ya dawa za kila siku mpaka mwisho. Asilimia 20 ya kila mwezi ni nzigo kwa mtu asiye na mapato, na siku dawa zinapokosekana kituoni, ile 20 inageuka 100.

Utaniambia: wazee si wanapata pansheni? Wanapata wale waliokuwa na ajira ya kuandikishwa, waliokatwa mshahara kwa ajili ya INSS au mfuko wa watumishi wa serikali. Sasa jiulize katika barabara yenu ni wangapi. Wengi wa Warundi wanaishi kwa jembe, na hapa mjini wengi wanaishi kwa biashara ndogo ya mkono kwa mkono. Bibi wa Buyenzi aliuza vitumbua kwa miaka zaidi ya thelathini. Alilipa ushuru wa soko asubuhi zote hizo. Hakuna aliyemkata faranga ya uzeeni, na leo hakuna anayemlipa.

Kwenye karatasi nchi imeshalitambua jambo hili. Sera ya taifa ya hifadhi ya jamii ilipitishwa mwaka 2011. Mei 2020 ikaja sheria kamili, Kanuni ya Hifadhi ya Jamii, inayozungumzia pia watu wasio na ajira rasmi na wasio na uwezo. Nampongeza aliyeiandika. Ila sheria bila fungu la bajeti ni kama mwaliko wa harusi usiotaja ukumbi.

Kuna kitu kimoja kilichotoka kwenye karatasi kikafika mkononi, nacho ni Merankabandi. Kwa Kirundi jina hilo maana yake ni uwe kama wengine. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 40 mwishoni mwa mwaka 2016, na familia maskini sana katika mikoa ya wakati ule ya Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi zikaanza kupokea faranga 20,000 kwa mwezi kupitia simu. Pesa ile ilinunua mbuzi, mabati, madaftari. Lakini tazama sharti lake: kaya iwe na mtoto asiyetimiza miaka 12. Bibi anayelea mjukuu aliweza kuingia. Bibi mwingine, jirani yake, aliyezika watoto wote na hana mjukuu wa kumlea, alibaki nje. Yaani yule aliye mpweke zaidi ndiye aliyekosa sifa. Na Bujumbura haikuwamo katika awamu hiyo ya kwanza, kana kwamba umaskini wa Buterere au Kinama ni mwepesi kwa kuwa uko karibu na lami.

Hapa ndipo watu wengine hunikatiza. "Bwana, wazee wetu hutunzwa na watoto wao. Hayo ya serikali ni ya Wazungu." Nimelelewa hivyo, nami nawalea wangu hivyo. Lakini tuhesabu pamoja. Vita vilivyoanza 1993 viliwachukua wana wangapi? Ukimwi ulichukua wangapi? Kuna wazee waliokimbia mwaka 1972 wakiwa vijana, wakazeekea Tanzania kwenye makambi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na waliporudi wakakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Na vijana wa leo? Mmoja yuko Dar es Salaam anabeba mizigo. Binti yuko Saudi Arabia anafanya kazi za nyumbani. Tangu nchi mbili zilipotiana saini mwaka 2021 wameondoka wengi kwa njia rasmi. Binti huyo anatuma pesa kwa Lumicash anapolipwa, na asipolipwa, huku Buyenzi chungu hakipandi jikoni. Familia inafanya yake. Lakini mwana, hata akiwa mwema namna gani, hawezi kuweka dawa kwenye rafu ya serikali.

Na huo uzungu mnaousema uko wapi? Zanzibar, Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za serikali yenyewe, awe alikuwa waziri au mvuvi. Baadaye kiwango kikapandishwa. Kenya tangu 2018 inawalipa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000, ingawa wazee wa huko nao wanalalamika kwamba pesa hukaa miezi bila kuja. Uganda ilianza na wilaya chache, shilingi 25,000 kwa mwezi, kisha ikafika nchi nzima kwa waliotimiza miaka 80. Hayo ni majirani zetu, wenye foleni na matatizo yao. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba wa haki za wazee Januari 2016 huko Addis Ababa, ukaanza kutumika Novemba 2024, baada ya nchi 15 kuuridhia. Miaka minane na miezi kupata sahihi kumi na tano! Ingekuwa mkataba wa bandari, sijui.

Sasa turudi kwenye swali la bibi. Amuulize nani?

Wa kwanza yuko karibu kuliko anavyofikiri. Kila kituo cha afya cha umma kina kamati ya afya, wanaiita COSA, ya wakazi waliochaguliwa na wenzao. Kazi yake ni kusimamia kituo pamoja na mkuu wake, na mapato na matumizi yamo humo. Mimi mwenyewe, nakiri, niliishi miaka mingi bila kujua nani ananiwakilisha. Muulize nyumbakumi wako. Halafu waulize hao wanakamati mambo mawili tu: mara ya mwisho kituo kimerudishiwa fedha za CAM lini, na ni kiasi gani bado. Kama hawajui, watalazimika kwenda kuuliza.

Wa pili ni komini. Karibu mwaka 2017 serikali ilianza kutenga faranga milioni 500 kwa mwaka kwa kila komini, kwa miradi ya maendeleo. Zilikuwa komini 119. Sasa, baada ya mageuzi yaliyokuja na uchaguzi wa 2025, ni 42 katika mikoa mitano. Komini zimekuwa kubwa, na ofisi kwa wengine zimekwenda mbali. Sisi wa Buyenzi bado ni Mukaza. Miradi hiyo mara nyingi ni majengo. Una haki ya kuhudhuria mkutano na kuuliza kama kuna hata mradi mmoja unaomgusa mzee, na jengo la mwaka juzi lilifikia wapi.

Juu zaidi iko Mahakama ya Hesabu za Serikali, tangu 2004, ambayo hulieleza bunge maoni yake kuhusu bajeti. Mbunge wako anazipokea karatasi hizo. Na iko ofisi ya Ombudsman, tangu 2010, inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya huduma za umma. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Bila muhuri, kesho wataniambia hawajakuona.

Najua kuuliza kunatisha. Watu wetu wamejifunza kunyamaza, na walikuwa na sababu. Ndiyo maana nashauri muende wengi, na muende na maswali ya hesabu: lini, kiasi gani, nani alitia saini. Maswali ya namna hiyo hayamtukani mtu.

Bibi nilimweleza haya yote barazani kwake, akanisikiliza huku akichambua maharage. Alipomaliza akaniuliza kama hao wa kamati wanakaa siku gani. Nikaulizia, nikaambiwa ni Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Amesema atakuja na wenzake wanne wa barabara ya jirani, wote wana presha, wote wana karatasi za dawa ambazo hawakuzipata. Mmoja hatembei vizuri, kwa hiyo nimekodi baiskeli ya kumbeba, nami nitakuwa nyuma nimeshika kalamu.