Sanaa ya Kumrudishia Kibogoyo Meno: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Kwale



Mada niliyopewa jioni hii ni sanaa ya kumtengenezea meno mtu aliyepotewa na meno yake yote, ya juu na ya chini, nayo ni sanaa ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ya siku moja, kana kwamba meno bandia ni bidhaa iliyopangwa dukani ikimngoja mnunuzi wa kiasi chake. Muradi wangu ni kubainisha kinyume cha dhana hiyo: kwamba meno haya hutafutwa ndani ya kinywa cha mwenyewe, kwa subira ya watu watatu, tabibu, fundi wa maabara na mgonjwa, na kwamba penye haraka hata malighafi bora huishia kuwa meno ya kufungiwa kabatini na kutolewa siku ya arusi.

Wala sanaa hii si ngeni kwa watu wa pwani kama inavyoonekana. Katika karne ya 18 matajiri wa Ulaya na Marekani waliopotewa na meno walichongewa meno ya pembe, na iliyopendelewa ilikuwa pembe ya kiboko, mnyama wa mito ya Afrika, kwa ajili ya ugumu wake. Na George Washington, ambaye hekaya zimemzushia meno ya mbao, kwa hakika alivaa meno yaliyochanganya pembe hiyo, meno ya wanadamu na risasi. Mwaka 1851 Nelson Goodyear alipata hataza ya mpira mgumu, uliowezesha kitako cha meno kufinyangwa badala ya kuchongwa, ijapokuwa rangi yake ilikuwa ya kiza. Na mwaka 1937 Walter Wright akaleta akriliki, yenye rangi ya ufizi, ambayo ndiyo tuitumiayo hata leo. Uji wa oksidi ya zinki wa kuchukulia chapa ya mwisho ya kinywa hugandishwa na yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, na harufu yake mgonjwa wa Kwale huitambua bila ya kuambiwa, kwa kuwa ni ile ile ya karafuu za Unguja na Pemba iliyomo katika pilau yake. Ama alijinati, unga wa kuchukulia chapa ya kwanza, asili yake ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, wala si mwani wanaoulima akina mama wa Kibuyuni, wenye utomvu wa namna nyingine.

Sasa niingie katika kiini cha taabu. Jino linaping'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi yake na kuanza kuyeyuka, kwa kasi katika miezi ya mwanzo na polepole baadaye, wala hausimami maisha yote. Mtafiti Antje Tallgren, katika makala yake ya mwaka 1972, alieleza habari za watu waliovaa meno bandia na kufuatwa kwa muda wa miaka 25, akaonyesha kwamba taya la chini hupungua kadiri ya mara nne ya taya la juu. Tena taya la juu lina kaakaa pana, ambalo utando mwembamba wa mate hulishikamanisha na kitako cha meno kama vioo viwili vilivyoloweshwa vinavyokataa kuachana, mradi kingo zake zimeziba vyema na hewa haipati njia. Ilhali taya la chini ni ukingo mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, unaosukumwa na ulimi kwa ndani na misuli ya mashavu na mdomo kwa nje, pasipo kaakaa la kuegemea. Ndiyo maana malalamiko ya wazee wetu hufanana kila mahali, kwamba ya juu yamekaa na ya chini yanaelea, na tabibu mwaminifu humwambia mgonjwa ukweli huu kabla ya kupokea hata shilingi moja, kwa sababu ukisemwa kabla ni maelezo, na ukisemwa baada ni udhuru.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua ambazo kwa desturi huhitaji ziara tano au zaidi. Katika ya kwanza huchukuliwa chapa ya jumla, ikamiminwa plasta, na juu ya plasta hiyo fundi akatengeneza kijisinia cha kinywa kile kimoja tu. Katika ya pili kijisinia hicho huchukua chapa ya mwisho, na hapo mgonjwa huombwa afanye kila ambalo kinywa hufanya, atoe ulimi, avute mdomo, ameze mate, apanue mashavu, ili kingo za meno yajayo ziandikwe na misuli yake mwenyewe, si na kisu cha fundi. Anayeruka hatua hii hutengeneza meno yanayokaa vyema mgonjwa akiwa kimya na kuruka anapopiga chafya.

Kisha huja ziara ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote, ya kupima kimo cha uso. Mtu asiye na meno amekwisha kupoteza kipimo: kidevu kimekaribia pua, na pembe za mdomo zimekunjamana, zikilowa mate na kufanya vidonda. Tabibu humwekea vitako vyenye kuta za nta, akazipunguza na kuziongeza mpaka ahakikishe kwamba, mgonjwa anapotulia pasipo kuuma, hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4 baina ya juu na chini. Nafasi hiyo ikikosekana, meno hugongana katika kila neno na ufizi huuma kutwa. Ikizidi, uso hubaki wa kizee na taya halina nguvu ya kutafuna.

Kuna mizani nyingine ya kimo hiki, nayo ni matamshi. Hesabu ya kutoka sitini hadi sabini, yenye sitini na sita na sitini na saba, ni mtihani bora kabisa, kwa kuwa sauti ya s huyaleta meno karibu pasipo kuyagusanisha. Yakigongana, kimo kimezidi. Lakini katika Kwale, ambako wagonjwa wengi ni Waislamu na miongoni mwao wamo walimu wa chuo waliosomesha Qur'ani tangu ujana wao, tunayo mizani iliyo nyeti zaidi. Maalim aliyepotewa na meno hulalamika juu ya makhraj, yaani mahali zinapotokea herufi, kabla ya kulalamika juu ya nyama, na ana haki, kwani ilimu ya tajwidi imeeleza kwamba thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu, na kwamba faa hutoka ncha za meno hayo zinapokutana na upande wa ndani wa mdomo wa chini. Basi meno ya mbele yakiwekwa marefu kupita kiasi, faa huelekea kusikika kama v. Yakiwekwa pahali pasipokuwa pake, ulimi huyatafuta usiyapate. Siku ya kujaribu meno yakiwa yangali katika nta, kabla ya akriliki kupikwa, nawausia madaktari vijana wamwambie, "Maalim, tafadhali tusomee sura fupi," kisha wanyamaze wasikilize. Dosari itakayosikika wakati huo hurekebishwa kwa kisu chenye moto katika dakika chache, na itakayosikika baada ya hapo hugharimu kuanza upya.

Juu ya maabara sitarefusha. Nta hutolewa kwa maji ya moto, akriliki hujazwa katika kalibu na kupikwa kwa maji ya moto kwa saa kadhaa, kisha husuguliwa na kung'arishwa. Anayeipika kwa pupa hupata vitundu vya hewa ndani yake. Meno yakishakabidhiwa, mgonjwa arudi siku ya pili au ya tatu, kwa sababu madonda ya mwanzo ni jambo la kawaida na dawa yake ni kupunguza pahali panapobana, si kuyatupa meno. Ayavue usiku na kuyaweka katika maji, ayasugue kwa brashi na sabuni, wala asiyatie katika maji yanayochemka, yatapotoka. Na ajue kwamba nguvu yake ya kuuma haitapita sana robo ya ile ya meno ya asili: muhogo wa kuchemsha na samaki wa kupaka vitamrudia upesi, korosho zitachelewa, na muwa autafune kwa macho.

Yapo maendeleo yaliyotatua tatizo la taya la chini. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, akamtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Na mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kwamba tiba inayostahili kutangulizwa kwa taya la chini lisilo na meno ni meno ya kuvua yaliyoshikizwa kwa skrubu mbili za titani. Nisemeje basi juu ya Kwale, ambayo mchanga wake wenye madini ya titani ulisafirishwa kupitia Likoni tangu 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024? Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani huishia katika rangi, hilo nalijua. Walakini sioni ubaya wa kuona uchungu kidogo.

Skrubu hizo bado ni ghali mno kwa mkulima wa Lunga Lunga, na sitaki kuwaahidi wazee lisilokuwa karibu. Lililo karibu ni fundi. Vyuo vya mafunzo ya tiba vya nchi hii huwasomesha mafundi sanifu wa meno, lakini maabara ikikosekana karibu, mzee wa miaka sabini anayelazimika kuvuka kivuko cha Likoni mara tano, kwa nauli ya kwenda na kurudi na mtu wa kumsindikiza, aghalabu hukomea ziara ya pili. Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti iihesabu maabara ya meno, pamoja na fundi wake wa kudumu, kuwa sehemu ya lazima ya hospitali ya rufaa ya Msambweni, yenye fungu lake katika bajeti ya kila mwaka. Nanyi wazee, msiridhike na yeyote anayewaahidi meno kamili kwa siku moja, bali mwulizeni kwanza kama amesajiliwa na baraza la madaktari, kisha mwulizeni mtarudi kwake lini kwa ziara ya pili.