Muuguzi wa Visiwani, Ujuzi Wako Unahitajika

Muuguzi na mkunga wa Lamu, sikiliza.

Kabla ya kupewa leseni, muuguzi mpya hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Maswali mazuri hutoka kwa wenye uzoefu. Wewe wa Faza, Kizingitini au Kiwayu unaujua usiku wa mama mwenye uchungu, bahari imechafuka, boti haijafika. Ujuzi huo unafaa kuwa swali.

Fanya hivi. Hakikisha leseni yako haijaisha muda. Mwambie msimamizi wako. Kisha liulize Baraza kuhusu kujitolea kutunga au kukagua maswali. Ukichaguliwa, tunza siri. Swali la mtihani halisimuliwi kibarazani.

Muuguzi, toa ujuzi wako. Mtihani mzuri humlinda mgonjwa.