Bomba Kavu Si Maendeleo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama)

Leo tumekuja kusema juu ya maji.

Mwaka 1971 nchi yetu ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 toka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, na maji yalikuwa bure. Lakini mwaka 1991 ulipofika, mama zetu wengi walikuwa bado na ndoo kichwani. Fedha zilipungua, mashine zikakosa mafuta na vipuri, nasi tukakaa kuingoja Serikali ije kukaza hata nati moja. Kila mtu alisema: kisima si changu, ni cha Serikali.

Sasa kumbukeni mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo kwa mikono yao. Basi uwezo tunao.

Hatua tumepiga, hatukatai. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga. Mwaka 2019 iliundwa RUWASA kushughulikia maji na usafi vijijini, na wananchi wakapewa vyombo vyao vya kuendesha maji. Lakini kipindupindu kilichozuka Agosti 2015 kiliwapata watu zaidi ya 20,000, kikaua zaidi ya 300. Ugonjwa huo hauletwi na pepo. Huletwa na kinyesi kuingia katika maji na chakula. Maji bila choo ni nusu ya kazi.

Serikali ina wajibu wake, na tutaidai. Lakini sisi nasi tuna wajibu wetu, na ni mambo matatu. Kwanza, tulipe ada ya maji, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano, senti kwa senti. Pili, akina mama wawe wengi katika kamati, maana wao ndio waijuao njia ya kisimani. Tatu, kila nyumba iwe na choo, na kila choo kiwe na maji ya kunawa.

Ndugu zetu, tukiulizwa maendeleo yetu, tusihesabu mabomba yaliyosimikwa. Tuhesabu yanayotoa maji leo asubuhi.